Ndagala Hakuna, Kasema Mwenye Mtumbwi

Gazeti letu lilikuwa ukuta. Sisemi lilibandikwa ukutani. Nasema lilikuwa ukuta, ule wa kalasi yetu pale Fizi unaotazama barabara ya soko. Habari ziliandikwa kwenye karatasi nne na kubandikwa kwa uji wa muhogo. Uji ule ulishika vizuri sana, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu: mbuzi. Mbuzi wa Fizi waligundua kabla ya watu kwamba gazeti ni kitu kizuri. Toleo la kwanza walilimaliza lote, hata habari za mpira hawakubakiza. Tangu hapo tukawa tunabandika juu zaidi, pale pasipofikiwa na mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili. Nilipima kipimo hicho kwa mbuzi wawili tofauti, maana mbuzi mmoja si ushahidi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, nami nilikuwa kalasi ya sita. Nyumbani kwetu ni Baraka, kando ya ziwa, ambako baba yangu aliuza vitambaa sokoni. Fizi nilipelekwa kwa shangazi, huko juu milimani, ili nisome. Kwa hiyo nilijua kupima kitambaa kwa mkono kabla sijajua kushika kalamu, na nilijua kwamba sokoni neno la kwanza la mtu si neno, ni salamu. Akikutajia bei nawe ukailipa hapohapo, hatakuheshimu. Atakusikitikia mpaka jua lizame. Hilo lilikuwa damuni mwangu. Siku nilipolihitaji, nililiacha mlangoni mwa shule pamoja na tope la miguu.

Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyetoka shule ya walimu na mambo mawili kichwani: gazeti la wanafunzi, na binti mmoja wa Mboko. Yote mawili aliyapenda kwa sauti kubwa. Akieleza habari ya gazeti alikuwa akiruka kidogo, na akisikia mtu anataja Mboko aliruka zaidi. Harusi ilikuwa imepangwa Jumamosi moja ya kiangazi, na sisi wanafunzi tulikuwa tukiihesabu kama yetu.

Kanuni za gazeti zilizaliwa kwa sababu ya theluji. Mwenzetu mmoja, mwenye Kifaransa kizuri na uvivu mzuri zaidi, alipewa kazi ya kuandika habari za hali ya hewa. Badala ya kutoka nje na kutazama juu, aliingia kwa mapadri, akapata gazeti lao la Ulaya, akageuza maneno kwa Kiswahili na kubandika: "Asubuhi hii theluji imefunika barabara zote." Wamama waliokuwa wakipita na mihogo kichwani walisomewa habari hiyo, wakatazama barabara, kisha wakatutazama sisi.

Mwalimu akamwita mbele. "Hii teluji iko wapi?"

"Iko mu gazeti ya bapadri, mwalimu."

"Na we uliiona?"

"Nililiona gazeti."

"Barabara gani ilifunikwa?"

Mwenzetu akafikiri. "Ile ya Bulaya. Lakini mwalimu, haikusema ni ya Bulaya. Ilisema tu barabara."

Tulicheka mpaka benchi likavunjika, na mwalimu mwenyewe akacheka akiwa ameshika ubao asianguke. Alipopata pumzi akaandika kanuni tatu. Ya kwanza: neno la mwingine usilivae kama shati lako, sema ulilitoa wapi. Ya pili: mtu akisema, andika alivyosema, si ulivyotaka aseme. Ya tatu: maneno yake yafunge kwa alama mbili mwanzo na mbili mwisho, ili msomaji ajue wewe unaanzia wapi na yeye anaishia wapi. Alama hizo tuliziita masikio, kwa sababu kilichokaa katikati yake kilipitia masikioni. Tulizipenda mno. Kwa wiki nzima kila kitu kilikuwa na masikio. Mtoto mmoja aliandika kwamba jogoo wa shangazi yake amesema "kokoriko", akalifunga vizuri kabisa, na chini akaeleza ni jogoo yupi.

Wiki ile ya kabla ya harusi, mwalimu akaniambia: "We ni mutoto ya Baraka. Ukienda kusalimia babako, tuletee habari ya ndagala. Batu banataka kujua." Aliyetaka kujua zaidi ya wote alikuwa yeye. Ndagala, msomaji wa mbali, ni wale samaki wadogo wa ziwa letu, weupe, wembamba kama sindano, wanaoanikwa mchangani mpaka wakauke. Na desturi ni kwamba upande wa bwana harusi ndio unaolisha wakwe. Wakwe wenyewe walikuwa watu wa Mboko, watu wa ufuoni waliozaliwa na samaki mdomoni. Kuwaandalia wakwe wa ziwani maharagi ni sawa na kuwaonyesha mlango na kuwashikia kofia.

Basi nikashuka Baraka. Sokoni, karibu na meza ya baba, nikamkuta mwenye mtumbwi mmoja mwenye kofia nyekundu, mtu mkubwa ambaye wavuvi wote walimsikiliza. Nikatoa karatasi. Nikauliza kama mwandishi.

"Baba, ndagala iko?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Tulikosa kabisa. Ziwa imefunga."

Nikaandika, nikafunga masikio pande zote mbili. Alikuwa amebeba vikapu vipya, vimepandana mpaka juu ya kofia. Nikavihesabu, kwa sababu ya mazoea: vinane. Nikavihesabu tena: vinane. Mtu aliyekosa ndagala kabisa, vikapu vinane vya nini? Swali hilo lilinipita kichwani kama nzi, nikalifukuza. Kanuni ilisema niandike alivyosema. Haikusema lolote kuhusu vikapu.

Jumatatu ukuta ukasomeka hivi: "BARAKA: NDAGALA HAKUNA. Mwenye mtumbwi mmoja wa Baraka, mwenye kofia nyekundu, kasema: 'Tulikosa kabisa. Ziwa imefunga.'"

Mwalimu alilisoma akaruka. "Muone!" akaambia kalasi. "Muone masikio! Muone chanzo! Mpaka kofia!" Akaamuru nipigiwe makofi. Halafu, makofi yakiwa bado yanaendelea, uso wake ukaanguka polepole, maana alikuwa amemaliza kuisifu habari na sasa ndipo alipoisoma.

Siku hiyohiyo habari ikamfikia mama mmoja wa sokoni aliyekuwa akishuka Baraka kila wiki kununua ndagala za mji mzima. Sauti yake ilitosha kusikika kutoka soko mpaka buro ya territoire, ofisi ya serikali. Mwalimu alikuwa ameshamkabidhi pesa za samaki wa harusi. Yule mama hakujua kusoma, lakini alisimama mbele ya ukuta akasomewa, akatikisa kichwa. "Ziwa imefunga," akasema. "Mi siwezi kutuma miguu yangu bule." Kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha pesa zikae, kabla ya jioni zote alikuwa amezigeuza maharagi. Mama yake mwalimu akayapokea, akayatazama, akayapima kwa macho, akasema yatatosha kuwaaibisha wakwe wote na wengine watakaokuja bila kualikwa.

Jumanne ikafika kamioni kutoka Baraka. Dereva wake alikuwa anajua kusoma, na alipokuwa akingoja maji ya mashine akaja kwenye ukuta wetu. Alisoma mara moja. Akasogea karibu akasoma tena. Kisha akacheka mpaka akaenda kukaa kwenye tairi.

"Nani aliandika hii?"

Nikainua mkono kwa fahari kidogo. Fahari ilikuwa haijaisha.

"Mutoto, ndagala iko Baraka mpaka kuku banaikataa! Banaanika mpaka mu njia. Mi nilipita na kamioni polepole kama mwenye kupita mu kanisa."

"Lakini mwenye mtumbwi alisema..."

"Alisema! Tangu lini muntu ya maji anasema alipata?"

Hapo nzi wangu akarudi, akatua puani. Kila mtoto wa Baraka anajua. Mvuvi hasemi amepata. Akisema amepata, ziwa linasikia, na kesho linafunga mkono. Kwa hiyo mtumbwi ukijaa mpaka unazama, utamsikia anasema tulikosa. Na siku aliyokosa kweli hasemi kitu, anakwenda kulala. Mama yangu mzazi alikuwa akimwita jirani aje, "Kuya, bwana yangu leo alikosa sana, leta sufuria kubwa." Mimi hayo niliyajua kuliko jina langu. Lakini niliamini kwamba neno likishapanda kwenye karatasi linakuwa na adabu nyingine.

Mwalimu alikuwa amefika na kusikia yote. Alishika kichwa, kisha akashika kichwa changu, kama anapima kipi kina nafasi zaidi. "Harusi ni Posho," akasema. Posho ndiyo Jumamosi kwetu, na siku ya pili ndiyo Jumanne. "Leo ni siku ya pili. Twende kwa mama ya soko."

Tulimkuta yule mama ameketi juu ya gunia. Akatusikiliza mpaka mwisho.

"Nani anasema ndagala iko?"

"Dereva."

"Ile dereva anaona tembo kila kona. Wiki iliyopita alisema tembo ilimuomba sigara." Akageuza macho kwangu. "Gazeti ilisema ziwa imefunga. Mwenye kufunga mulango ndiye afungue. Niletee neno ya ule muntu ya kofia, ile yake mwenyewe, na masikio yake. Bila ile sishuki."

Mwalimu alikuwa anapigwa kwa fimbo yake mwenyewe, na nadhani sehemu fulani ya moyo wake ilifurahi kuona fimbo ni nzuri hivyo. "Mama, unasema kweli," akasema kwa huzuni. "Ni kanuni."

Kamioni ikanishusha Baraka. Na asubuhi ya Jumatano nikaenda mpaka ufuoni kwenyewe, jambo ambalo ningefanya mara ya kwanza kama ningekuwa na akili za mtoto wa muuza vitambaa. Ndagala! Zilianza kwenye pua za mitumbwi, zikapanda mchanga, zikazunguka nyumba, zikatoka upande wa pili na kuelekea sokoni kama zinajua njia. Mchanga haukuonekana. Mwenye kofia nyekundu alikuwa amesimama katikati kwa mguu mmoja, kwa sababu mguu wa pili haukuwa na pa kukanyaga.

"Baba, mulipata?"

"Tulikosa."

"Na hizi?"

Akazitazama kana kwamba ndiyo kwanza zinafika. "Hizi zilikuya zenyewe."

Vijana wake wa mtumbwi wakageuka upande wa pili, mabega yanatikisika. Nikaona hapa si shule tena, hapa ni soko, na nikafurahi mno moyoni, kwa sababu sokoni nilikuwa kwetu. Nikaketi juu ya kamba nikaanza.

"Baba, niandike 'tulipata nyingi'?"

"Unataka ziwa isikie!"

"Ziwa haijui kusoma."

"Batoto yake iko mingi. Haikosi mumoja mwenye alisoma."

"Basi 'tulipata kiasi'."

"Andika 'tulikosa'."

"'Hatukukosa sana'."

"'Tulikosa kidogo'," akasema, na macho yakamng'aa kwa mara ya kwanza. Alikuwa mfanyabiashara kumbe.

"'Kidogo' ya kukosa ni ndogo namna gani?"

"Iko kidogo yenye haitoshi kusema."

Tulikwenda hivyo mpaka jua likatupata. Nilimpandisha, akanishusha. Nilisimama nikajifanya naondoka, akaniacha niondoke. Nilirudi nikijifanya nimesahau kalamu, akanionyesha kalamu iko sikioni mwangu. Sijapata tena mshindani kama yule. Mwisho nikachoka, nikasema maneno ambayo hayakuwa hata ya kupatana, yalikuwa ya kulia tu:

"Sawa, baba. Basi batu ba Mboko bakule maharagi."

"Batu gani ba Mboko?"

"Bakwe ya mwalimu wetu. Anaoa Posho."

Mguu uliokuwa juu ukashuka, ukakanyaga ndagala. "Mwalimu ya Fizi? Ule mwenye anaruka-ruka?"

"Ule."

"Ule anaoa mutoto ya dada yangu!"

Halafu nikasema taratibu, kama mtu anayekunja kitambaa ambacho tayari kimeuzwa: "Basi, mujomba, kumbe ni we utakula maharagi."

Kijana mmoja wa mtumbwi akaanguka chali katika ndagala akicheka, na hakuna aliyemwinua, maana wenzake nao walikuwa njiani kwenda chini.

"Maharagi?" akauliza mjomba.

"Mama yake mwalimu iko nayo gunia muzima. Posho asubuhi banaloweka."

"Nani aliambia ule mwalimu ndagala hakuna?"

Nikafungua karatasi yangu ya zamani, nikamsomea neno kwa neno, masikio kwa masikio, mpaka kofia. Akaivua kofia, akaitazama, akaikalia.

"Si upeleke we mwenyewe?" nikamwuliza. "Kikapu kimoja tu."

"Mujomba ya bibi harusi abebe chakula bukweni? Unataka banicheke mpaka Uvira?" Kweli, hilo halifanyiki hata kwetu. Akakaa akifikiri. Ziwa lilikuwa shwari kabisa, limelala kama linasikiliza. Alilichungulia kwa jicho moja. Kisha akanishika mkono, akanivuta nyuma ya nyumba ya kwanza, akaligeuzia ziwa mgongo, akaziba mdomo kwa kiganja na kuninong'oneza:

"Andika hivi: 'Mama ya Fizi akuye na bikapu.'"

"Ile tu?"

"Ile tu. Sikusema nilipata. Ulinisikia nikisema nilipata?"

"Hapana, mujomba."

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo hivyo.

Nilirudi Fizi nikiwa nimekalia magunia ya chumvi nyuma ya kamioni, nikicheka peke yangu kwenye kila kona, na dereva akinionyesha tembo ambao hawakuwepo. Mwalimu alisoma sentensi yangu, akakuna kidevu.

"Hii haisemi ndagala iko."

"Haisemi, mwalimu. Lakini mi niliona."

"Uliona nini?"

Nikamwambia yote, toka pua za mitumbwi mpaka njia ya soko. Nikamwambia na vile vikapu vinane vya wiki iliyopita ambavyo sikuviandika. Kisha akaanza kuruka. "Sikio tuliliweka," akasema, "jicho tulilisahau!" Akakimbilia ubaoni akaongeza kanuni ya nne: ulichosikia kiweke karibu na ulichoona, msomaji avipatanishe mwenyewe. Na mwanzo wa kila kilichoonekana, akaamuru, tuchore jicho dogo.

Alhamisi asubuhi ukuta ukasomeka hivi: "Mwenye mtumbwi yuleyule, mwenye kofia nyekundu, kasema: 'Mama ya Fizi akuye na bikapu.'" Halafu jicho. "Mwandishi ameona ndagala zimeanikwa kutoka mitumbwi mpaka njia ya soko. Alikwenda na kurudi pembeni yake, na hakupata pa kukanyaga." Karatasi ya Jumatatu nilitaka kuibandua. Mwalimu akanizuia. "Kosa hatulifichi," akasema. "Tunaliwekea jirani." Zikakaa pamoja, moja inasema hakuna, nyingine inasema leta vikapu, na watu walikuja kuzisoma kwa kufuatana, wakicheka katikati.

Yule mama alisomewa mara tatu. Ya kwanza nami, ya pili na mwenzetu wa theluji, kwa sababu hakuniamini, na ya tatu nami tena, kwa sababu hakumwamini yeye.

"Alisema bikapu ngapi?"

"Hakusema hesabu, mama."

Akatabasamu, na sikuwahi kuona meno yale yote siku moja. "Muntu ya maji mwenye anakataa hesabu," akasema, "ule iko na kitu." Akafunga kitenge, akaagiza nusu ya maharagi irudishwe kutoka kwa mama yake mwalimu, akaiuza palepale kwa waliosimama kusoma gazeti, akapanda kamioni akimtukana dereva kuhusu tembo.

Jumamosi ndagala zilifika kabla ya wakwe, kwa umbali wa wimbo mmoja. Sikumbuki harusi yenye kelele kama ile. Kulikuwa na bugali kubwa kama vichuguu, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala za mafuta ya mawese, nyekundu, zenye pilipili iliyowaliza hata waliokuwa hawajakaa. Maharagi yaliyobaki yalipikwa pia, kwa heshima, yakawekwa kwenye kona, na mbuzi wa gazeti wakayapata.

Mjomba alikuja na kofia yake nyekundu na koti jipya. Alikaa mahali pa mjomba, akala kimya, kwa bidii. Mwalimu wetu, sasa bwana harusi, akaja kwake akiwa amejizuia kuruka kwa sababu ya suti, akapiga goti kama inavyotakiwa.

"Mujomba, mulipata chakula?"

Mjomba akainua uso. Nadhani hata hakufikiri. Ilitoka yenyewe, kama inavyotoka kila asubuhi ufuoni.

"Tulikosa," akasema, akasogeza sahani mbele aongezewe.

Watu wa Mboko waliangua kicheko kilichozima ngoma. Bibi harusi akajificha kwenye bega la bwana wake. Nami nilikuwa na penseli. Nikaliandika neno lake vilevile, masikio pande zote mbili, na pembeni nikachora jicho: sahani tatu. Kisha nikahesabu tena, kwa sababu ya mazoea, na mara ya pili zilikuwa nne.